Kutoka Kipande hadi Kivinjari Kisicho na Dirisha: Historia ya Kunakili Majedwali, Ikitazamwa kutoka Rudewa

Rudewa ni kata ya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, iliyo kando ya barabara itokayo Dumila kwenda Kilosa mjini, na vijiji vyake, vikiwemo Rudewa Batini, Rudewa Gongoni na Rudewa Mbuyuni, vimekaa katika nchi tambarare ambako mahindi, mpunga na mkonge vimegawana ardhi kwa vizazi kadhaa. Mtu asiyewahi kufika huko, akiitafuta Rudewa kwa kompyuta, hukutana nayo zaidi katika majedwali: mstari katika matokeo ya mtihani, mstari katika hesabu ya sensa, na mstari katika vitabu vya bajeti ya ujenzi ambamo sehemu ya barabara ya kutoka Rudewa hadi Kilosa hutajwa kwa urefu wake wa kilomita 24. Insha hii inafuatilia historia ya kazi ya kunakili mistari ya namna hiyo, tangu karani wa shamba la mkonge hadi programu ya JavaScript inayoendesha kivinjari kisichoonekana, na inashikilia kwamba hamu ya kunakili haikubadilika sana katika muda wote huo. Kilichobadilika ni umbo la kinachonakiliwa, na kila umbo jipya liliwafungia mlango baadhi ya watu waliokuwa wakisoma bila taabu siku moja kabla.

Mkonge uliletwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1893 na mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf, ambaye miche 62 tu ya shehena yake ilifika ikiwa hai, na baada ya Reli ya Kati kufika Morogoro mwaka 1907 na kuendelea magharibi kupitia Kimamba na Kilosa, ukanda huo ukawa nchi ya mashamba makubwa, kwanza ya pamba na baadaye zaidi ya mkonge. Mashamba hayo yalihitaji watu wengi, na watu wengi walihitaji hesabu. Hesabu yenyewe ilifanywa kwa kipande, yaani kadi ya kazi yenye nafasi 30, moja kwa kila siku. Mkata mkonge aliyemaliza kazi aliyopimiwa alitiwa alama katika nafasi ya siku hiyo, na asiyemaliza, hata kama alishinda shambani tangu alfajiri, nafasi yake ilibaki wazi. Malipo yalitoka pale nafasi zote 30 zilipojaa, jambo ambalo lingeweza kuchukua wiki nyingi kuliko mwezi mmoja wa kalenda. Waliokuja kwa mkataba kutoka mikoa ya mbali, wengi wao kupitia ofisi ya kuajiri wafanyakazi wa mkonge iliyoanzishwa mwaka 1944 na kufahamika kwa kifupi chake, SILABU, waliitwa manamba, na jina hilo linatokana na namba ambayo kila mmoja wao alipewa ili aandikwe chini yake.

Kipande kinastahili kutazamwa kwa makini kuliko wanavyokitazama wanahistoria wengi wa uchumi, ambao hukitaja kama chombo cha nidhamu ya kazi na kupita. Kilikuwa pia jedwali, tena jedwali lililokaa mfukoni mwa yule linayemhusu, na siku yoyote aliweza kulitoa, akahesabu alama zake na kuzibishania mbele ya mnyapara. Karani wa shamba alipokuwa akinakili alama hizo katika daftari kuu la mishahara, alinakili kutoka katika karatasi ambayo mwenyewe aliiona na ambayo hata asiyejua kusoma aliweza kuihesabu kwa vidole. Uwiano huo baina ya anayeandikwa na anayenakili haujapatikana tena kwa urahisi katika aina za kumbukumbu zilizofuata.

Utawala wa Waingereza, ulioishika Kilosa mwaka 1916 katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ulikuja na aina nyingine. Katika kila wilaya palitunzwa Kitabu cha Wilaya, daftari kubwa ambamo maofisa waliandika habari za koo, machifu, mipaka, mazao na matukio, na aliyetaka kujua kilichoandikwa humo kuhusu Ukaguru au Usagara alipaswa kwenda bomani na kuomba ruhusa, kisha anakili kwa mkono. Sensa za baada ya uhuru, kuanzia ile ya mwaka 1967, zilifanywa kwa miongo kadhaa kwa madodoso ya karatasi yaliyosafirishwa hadi Dar es Salaam kujumlishwa, na majibu yalirudi wilayani baada ya muda yakiwa vitabu vilivyopigwa chapa. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya matatizo makubwa ya hesabu za Hazina zilizotegemea mashine hizo, na kwa miaka mingi kazi ya kunakili majedwali ilibaki kuwa kazi ya kalamu na taipureta. Marufuku hayo yanasaidia kueleza kwa nini makarani wengi wa Tanzania waliruka kutoka daftari la mistari moja kwa moja hadi kwenye ukurasa wa intaneti.

Uwanja ambao mruko huo ulionekana waziwazi zaidi ni mitihani. Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, baada ya nchi kujitoa katika baraza la pamoja la mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na kwa muda mrefu matokeo yake yaliwafikia watahiniwa kwa karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule. Ubao huo ulikuwa na adabu yake. Kila aliyefika aliweza kusoma matokeo ya kila mtu, kunakili ya ndugu yake kwenye kiganja au kwenye kipande cha gazeti, na kuondoka. Lakini hakuna aliyeweza kusimama Rudewa na kusoma ubao wa shule ya Bukoba, wala kulinganisha mbao zote za nchi kwa mara moja. Taarifa ilikuwa wazi kwa aliyeweza kutembea hadi ilipo.

NECTA ilipoanza kuweka matokeo kwenye tovuti yake, na hasa baada ya mkongo wa baharini wa SEACOM kuanza kazi Dar es Salaam Julai 2009, mbao zote za nchi zilikusanyika mahali pamoja. Ukurasa wa matokeo ya kidato cha nne wa shule yoyote, iwe ya kata ya Rudewa au ya katikati ya Dar es Salaam, una sura ileile: juu jina la kituo na namba yake inayoanza na herufi S, chini yake jedwali ambalo kila mstari una namba ya mtahiniwa, jinsi yake, jumla ya pointi, daraja alilopata, na mwishoni chumba kimoja kirefu ambamo masomo yote yamebanwa pamoja, uraia na alama yake, historia na alama yake, jiografia na alama yake, hadi hisabati. Msomaji wa kawaida haoni shida katika chumba hicho kirefu, kwa kuwa jicho lake linatenganisha lenyewe. Anayetaka kujua ni wasichana wangapi wa wilaya nzima ya Kilosa waliopata alama C au zaidi katika hisabati ndiye anayeigundua shida: masomo hayakupewa vyumba vyake, na lazima kila mstari ukatwe vipandevipande kabla ya kuhesabiwa, ukurasa baada ya ukurasa, shule baada ya shule.

Kazi hiyo ya kusoma ukurasa kwa programu, kuchambua yaliyomo na kuyahifadhi katika jedwali jipya linaloweza kuhesabiwa, ndiyo inayoitwa hapa uchotaji wa taarifa za tovuti. Ni kazi yenye umri unaokaribiana sana na ule wa wavuti yenyewe. Tim Berners-Lee aliyeubuni wavuti katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva, aliandika pendekezo lake la kwanza mwaka 1989, na Aprili 1993 CERN ikauachia wavuti huo utumiwe na yeyote bila malipo. Miezi michache tu baadaye, mwanafunzi wa chuo cha MIT nchini Marekani, Matthew Gray, akaandika programu iliyoitwa Wanderer, yaani mzururaji, ambayo ilifuata viungo kutoka ukurasa hadi ukurasa ili kupima ukubwa wa wavuti. Programu za namna hiyo zilianza kuitwa roboti, na kwa kuwa seva za wakati huo zilikuwa dhaifu, roboti iliyobisha hodi mara mia kwa dakika ilitosha kumnyima huduma binadamu aliyebisha mara moja.

Mwaka 1994 Martijn Koster alipendekeza utaratibu uliojulikana kwa jina la faili lake, robots.txt: mwenye tovuti anaweka faili dogo mlangoni likieleza ni sehemu zipi roboti haziruhusiwi kuingia, na mwandishi wa roboti anatarajiwa kulisoma kabla ya kitu kingine chochote. Hapakuwa na kufuli wala adhabu. Utaratibu huo uliheshimiwa kwa hiari tu kwa miaka 28, hadi Septemba 2022 ulipoandikwa rasmi kama kanuni ya kiufundi ya intaneti, na hata sasa unabaki kuwa ombi, sawa na mwenyeji wa pwani anayemtarajia mgeni kupiga hodi na kungoja karibu. Ukweli kwamba ombi lisilo na nguvu lilidumu muda huo wote unaeleza mengi kuhusu watu walioujenga wavuti wa awali, na si haki kulidharau.

Katika miaka hiyo ya mwanzo, uchotaji ulikuwa rahisi kwa sababu ukurasa ulikuwa hati. Seva ilituma maandishi ya HTML, yaani lugha ya alama inayoeleza kipi ni kichwa, kipi ni aya na kipi ni jedwali, na maandishi hayo yalikuwa na kila kitu ambacho msomaji angekiona. Programu iliyoyapokea haikuhitaji macho wala skrini. Lakini mwaka 1995 Brendan Eich, akiwa katika kampuni ya Netscape, alitunga kwa siku kumi lugha ndogo ya kuandikia programu zinazokimbia ndani ya ukurasa wenyewe, na lugha hiyo ikatangazwa Desemba mwaka huohuo kwa jina la JavaScript. Kwa miaka kadhaa ilitumika kwa mapambo na kukagua fomu. Mambo yaligeuka pale vivinjari vilipopewa uwezo wa kuomba taarifa zaidi kutoka kwa seva bila kufungua ukurasa upya, uwezo uliodhihirika kwa umma katika huduma ya barua ya Gmail mwaka 2004 na ramani za Google mwaka 2005. Tangu hapo kurasa nyingi ziliacha kuwa hati na kuwa programu: kinachotumwa na seva mwanzoni ni kiunzi kitupu chenye maagizo, na maandishi yanayosomwa huletwa baadaye na JavaScript ikishaanza kukimbia ndani ya kivinjari.

Kwa msomaji wa kawaida badiliko hilo lilikuwa raha. Kwa mnakili lilikuwa mlango uliofungwa. Programu yake ya zamani ilipoomba ukurasa ilipewa kiunzi kile kitupu, bila jedwali wala namba, sawa na mtu anayefika shuleni na kukuta ubao wa matangazo umesimama, misumari ipo, lakini karatasi bado iko mkononi mwa mtu ambaye hajaitwa. Ili karatasi ibandikwe, ilihitajika kivinjari halisi kinachoweza kutekeleza JavaScript, na ili kivinjari hicho kifanye kazi bila binadamu kukaa mbele yake, ilihitajika programu nyingine ya kukiongoza. Hapo ndipo historia ya uchotaji ilipokutana na historia ya kazi nyingine kabisa, ile ya kupima ubora wa tovuti.

Wapimaji wa tovuti walikuwa wamechoka kubofya vitufe vilevile kila siku ili kuhakikisha havijaharibika. Mwaka 2004 Jason Huggins, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya ThoughtWorks mjini Chicago, aliandika Selenium, chombo cha JavaScript kilichobofya vitufe hivyo kwa niaba yao. Simon Stewart naye alitunga WebDriver, na vyombo hivyo viwili viliunganishwa katika toleo la pili la Selenium lililotoka mwaka 2011. Jina la WebDriver linafaa sana kwa mzungumzaji wa Kiswahili, kwa sababu dereva ni neno lililokwishazoeleka: ni programu inayokaa kwenye usukani wa kivinjari, inayopokea amri za kwenda anwani fulani, kubofya, kuandika katika fomu au kusoma kilichopo, na kuzipitisha kwa kivinjari kwa lugha kinayoielewa. Mwaka 2018 namna ya kumwamuru dereva huyo ikawa kanuni rasmi ya shirika la W3C linalosimamia viwango vya wavuti, hivyo dereva mmoja akaweza kueleweka na vivinjari vya kampuni mbalimbali.

Bado gari hilo lilikuwa na dirisha. Kila mara dereva alipofanya kazi, kivinjari kilifunguka kwenye skrini na kuchora kila picha na kila rangi, jambo lisilo na maana katika seva ambayo haina skrini. Januari 2011 mhandisi wa programu kutoka Indonesia, Ariya Hidayat, alitoa PhantomJS, kivinjari kamili kilichojengwa juu ya mtambo wa WebKit na kuongozwa kwa JavaScript, lakini kisichoonyesha chochote. Wenye kazi hiyo hukiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kisicho na kichwa. Katika Kiswahili, kwa vile kinachokosekana ni mahali pa kutazamia, kukiita kivinjari kisicho na dirisha kunaeleza jambo lilivyo. PhantomJS ilitawala kwa takriban miaka sita. Mwaka 2017 Google ilipoipa Chrome yenyewe uwezo wa kukimbia bila dirisha, mtu aliyekuwa akiitunza PhantomJS kwa kujitolea alitangaza kuachia ngazi, akitambua kwamba mtu mmoja hawezi kushindana na kivinjari kinachotumiwa na watu wengi mno, na Machi 2018 kazi ya kuiendeleza ilisimamishwa. Agosti 2017 timu ya Chrome ilitoa Puppeteer, jina lenye maana ya mchezesha vikaragosi, ambayo ni maktaba ya JavaScript ya kukiongoza kivinjari hicho kutoka katika Node.js, mazingira yaliyoasisiwa na Ryan Dahl mwaka 2009 ili JavaScript iweze kukimbia nje ya kivinjari. Januari 2020 Microsoft ikatoa Playwright, iliyoandikwa na baadhi ya wahandisi waliokuwa wameitunga Puppeteer, na yenye uwezo wa kuongoza vivinjari vya aina tatu.

Ufundi wenyewe hauna uchawi, na unaeleweka vizuri zaidi ukifuatwa hatua kwa hatua. Programu ya Puppeteer huanza kwa kuzindua kivinjari, hufungua ukurasa mtupu, kisha hutaja anwani inayotakiwa. Karibu kila amri hutanguliwa na neno la JavaScript “await”, lenye maana ya kungoja, kwa sababu katika lugha hii kazi inayochukua muda hurudisha kwanza ahadi, na thamani yenyewe hupatikana ahadi ikishatimizwa. Mwanafunzi wa kazi hii hukosea hapo kwanza. Huamuru ukurasa ufunguliwe na papo hapo huamuru jedwali lisomwe, na kwa kuwa kompyuta ina kasi kuliko mtandao, jedwali linasomwa kabla halijafika. Programu inamaliza bila kulalamika na kuhifadhi faili tupu. Wengine hutibu kosa hilo kwa kungoja sekunde tano kila mara, tiba inayofaa siku mtandao ukiwa mzuri na kushindwa siku unaposuasua. Njia sahihi ni kutaja kiteuzi, yaani anwani ya kitu ndani ya ukurasa, kama vile mstari wa kwanza wa jedwali la matokeo, na kuiamuru programu ingoje hadi kitu hicho kionekane, iwe ni baada ya nusu sekunde au baada ya sekunde nyingi. Kisha mistari inasomwa mmoja mmoja, chumba kirefu cha masomo kinakatwa penye alama, na kila somo linapewa safu yake.

Hata hivyo, ni lazima isemwe wazi kwamba kwa matokeo ya NECTA mtambo mzima huo kwa kawaida hauhitajiki. Kurasa za matokeo zimekuwa HTML pekee, hati za mtindo wa miaka ya tisini, ambazo programu fupi isiyo na kivinjari inazisoma kwa sehemu ndogo ya sekunde, na kuzifungulia Chrome nzima ni sawa na kukodi lori la kubebea kikapu cha mayai. Usahili huo, ambao baadhi ya wataalamu huuona kuwa ushamba, ni sifa kubwa: ukurasa wa namna hiyo hufunguka kwenye simu dhaifu na kwa bando dogo, na humwezesha kijana aliyejifunza programu kwa miezi michache kuuchambua. Kivinjari kisicho na dirisha huhitajika pale ambapo majedwali hujichora baada ya mtumiaji kuchagua mkoa, wilaya na mwaka katika orodha zinazofunguka, na kurasa za aina hiyo zinaongezeka kila mwaka. Hata hapo, mnakili mwenye subira huanza kwa kuchunguza maombi ambayo ukurasa unayatuma kwa seva nyuma ya pazia, kwa sababu mara nyingi taarifa hufika zikiwa zimepangwa vizuri tayari, na anaweza kuziomba moja kwa moja bila kuchora chochote.

Manufaa ya ufundi huu Tanzania hayakuwa ya kinadharia. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionyesha kuwa zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja la sifuri, na mshtuko wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba serikali iliunda tume na matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Katika miaka hiyohiyo ilizaliwa tovuti ya Shule.info, iliyojengwa na mtunzi wa programu wa Kitanzania juu ya matokeo ya NECTA, ambamo mzazi aliweza kuilinganisha shule moja na nyingine na kuona mwenendo wa miaka. Kazi ya kuunganisha miaka ilikuwa ngumu kuliko inavyoonekana. Matokeo ya mwaka 2014 yalitolewa kwa mfumo wa wastani wa alama badala ya madaraja ya I hadi IV, kisha madaraja yakarejeshwa kwa matokeo ya mwaka uliofuata, na programu iliyotazamia namba ya Kirumi katika safu ya daraja ilikutana na maneno ambayo haikuyajua. Mnakili wa mitambo hana uwezo wa kushangaa: hupokea kisichofaa na kukiweka mahali pa kinachofaa, mpaka binadamu atazame.

Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, NECTA ilieleza kwamba imeacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora, kwa hoja kwamba utaratibu huo ulikuwa ukizitangaza baadhi ya shule kibiashara na kwamba kuzilinganisha shule zenye mazingira tofauti hakukuwa na tija. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa shule za kata ambazo zimekuwa zikipimwa kwa mizani moja na shule za bweni za gharama kubwa. Lakini kurasa za kila shule ziliendelea kuwekwa wazi, na maadamu ziko wazi, yeyote anayejua kuchota anaweza kujipangia orodha yake kabla jua halijachwa. Kilichoondoka ni orodha yenye mhuri wa Baraza, na uwezo wa kupanga ukabaki kwa wenye kujua programu, ambao ni wachache, na wachache zaidi kati yao wanatoka mahali kama Rudewa.

Kadiri uchotaji ulivyoenea, wenye tovuti nao walijihami. Kanuni ya WebDriver yenyewe inakitaka kivinjari kinachoendeshwa na dereva kijitambulishe kwa ukurasa kinaoutembelea, na kwa muda mrefu Chrome isiyo na dirisha ilijitaja kwa jina tofauti na la Chrome ya kawaida, hivyo ukurasa uliweza kumtambua mgeni na kumfungia. Waandishi wa programu wakatafuta njia za kuificha alama hiyo, wenye tovuti wakaweka mafumbo ya picha yaliyokusudiwa kutatuliwa na binadamu tu, na pande mbili hizo zimekuwa zikikimbizana hadi leo. Kujificha huko ni mwanzo wa kuvunja adabu iliyowekwa na faili lile dogo la mwaka 1994. Mnakili anayejitaja jina, anayengoja sekunde chache kati ya ombi na ombi, na anayefanya kazi usiku wakati seva haina wageni, hufika anakokwenda bila kumwumiza mtu. Anayelazimika kuvaa sura ya mwingine ameshaambiwa hapana.

Sheria zilikuja baadaye. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilikataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, iliweka masharti juu ya kukusanya na kuhifadhi taarifa zinazomtambulisha mtu. Sheria hii ya pili inagusa uchotaji wa matokeo moja kwa moja, kwa kuwa jedwali la kidato cha nne humtambua mtahiniwa kwa namba yake, ilhali majedwali ya darasa la saba kwa miaka kadhaa yalibeba majina kamili ya watoto. Jina la mtoto kwenye ubao wa shule lilisomwa na jirani zake, mvua ikanyesha, karatasi ikachanika. Jina lilelile likichotwa na kuhifadhiwa katika faili la mtu asiyejulikana litamfuata hadi siku ya kuomba kazi, na yeye hana kipande mfukoni cha kulinganisha na daftari la karani.

Tofauti kati ya namba na jina, ambayo wanasheria huijadili kwa lugha kavu, inajulikana Rudewa kwa namna nzito zaidi. Desemba 2000, katika mgogoro wa wakulima na wafugaji, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, na tangu wakati huo idadi hiyo imenakiliwa kutoka ripoti hadi ripoti, kutoka gazeti hadi tovuti, bila majina. Programu yoyote inayotafuta neno Rudewa katika kurasa za habari huirudisha namba hiyo miongoni mwa matokeo yake, kando ya kilomita 24 za barabara, kwa mwandiko uleule na uzito uleule. Wanaoikuta katika orodha hiyo, wakiwa hawana njia ya kujua ni akina nani, huipeleka mbele kama walivyoipokea.

Mnakili mwangalifu anayechota matokeo ya shule za Kilosa leo hufanya mambo kadhaa ambayo hayaonekani katika jedwali lake la mwisho. Husoma faili la mlangoni, huliondoa jina na kuacha namba kabla ya kuhifadhi chochote kwenye diski, huandika tarehe aliyochota na anwani alikochota ili anayefuata aweze kukagua, na hulinganisha kwa macho mistari michache ya faili lake na ukurasa wa asili. Mwishoni mwa programu huweka amri ya kukifunga kivinjari. Amri hiyo husahaulika mara nyingi, kwa sababu kivinjari kisicho na dirisha hakimkumbushi mtu kwamba bado kiko wazi. Kila programu inaporudiwa huzinduliwa kingine, na vyote hubaki vikila kumbukumbu ya kompyuta kimyakimya, hadi mashine inapoanza kukwama na mwenyewe anafungua orodha ya programu zinazokimbia, akakuta mstari baada ya mstari wa jina moja.